Kazi ya Joyness Niliyoipitisha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mke wangu Grace kanipa daftari. "Baba Emi," kasema, "kama mimi huwezi kunisimulia, lisimulie hili, maana ukirudi kazini umenuna mpaka watoto wanakukwepa." Basi naandika. Na naandika kwa kalamu, kwa sababu chochote ninachoandika kwenye kompyuta kinabaki na jina langu, tarehe na saa.

Leo dada Digna, mwenye kampuni, katuita mezani wote watano akatangaza kwamba mwanzoni mwa mwezi wa sita atateua kiongozi wa wahandisi. Kazi zimekuwa nyingi, hawezi tena kumfuatilia kila mtu mwenyewe. Aliposema hivyo, Kornel, jirani yangu wa meza anayechora kurasa za mifumo yetu, alinitazama mimi. Kisha akamtazama Joyness. Hilo la pili limeniharibia siku.

Mimi nina miaka tisa hapa. Tulianza wawili tu na dada Digna, kwenye chumba juu ya duka la vyakula vya mifugo hapa Kiboriloni, tukiandika programu huku vumbi la pumba likituingia kwenye kompyuta. Joyness ana miaka miwili na nusu. Alikuja kwa mafunzo ya vitendo akitokea chuoni, hajui hata kuhifadhi kazi yake isipotee, nikamfundisha mimi. Ana umri wa miaka ishirini na tano. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, kaka Wilbert," na kila asubuhi naona kama ananikumbusha umri wangu. Natamani aniite Wilbert tu, kama mshindani anayeniogopa kidogo kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua bado. Joyness kamaliza kwa siku mbili kazi niliyoipangia wiki mbili. Nimempongeza kwa mdomo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imefika, imeshuka na mlima kama kawaida yake, na umeme ukaondoka saa nne asubuhi. Tukakaa gizani tunapiga soga. Kornel akaanzisha habari ya akili mnemba, kwamba miaka mitano ijayo mashine itaandika programu yenyewe na sisi tutarudi kuchunga mbuzi. Nilimwunga mkono kwa sababu ndilo ninaloogopa. Nina miaka thelathini na saba, watoto wawili, nyumba haijapigwa lipu, na sijui kazi nyingine.

Joyness anaitumia hiyo akili mnemba kila siku. Anaiachia iandike, halafu anasoma mstari kwa mstari, anafuta nusu, anaandika upya. "Kuandika ndiyo kazi ndogo, kaka," akasema. "Kazi ni kujua uandike nini, na kwa ajili ya nani."

Dada Digna akatikisa kichwa kukubali, akasema hilo ni neno. Ni neno kweli, maana ni langu. Nilimwambia mimi, mwaka 2023, meza ileile, baada ya kufuta kazi yake ya wiki nzima. Nikasubiri aseme amelitoa wapi. Hakusema. Sidhani kama anakumbuka.

Jumapili, 16 Machi

Tumepanda Mwika kwa baba. Baada ya ibada palikuwa na mnada, nikanunua mkungu wa ndizi ambao baba mwenyewe ndiye aliyeutoa sadaka, watu wakacheka. Baba alifurahi. Anapenda kunionyesha kwa wazee wenzake: "Huyu ndiye anayetengeneza ile kompyuta ya miche."

Ile kompyuta ya miche ndiyo mradi wetu mkubwa mwaka huu. Umoja wa vikundi vya wakulima unagawa miche bora ya kahawa, sitini kwa kila mwanachama, na mfumo wetu ndio utakaosema nani achukue, wapi na siku gani. Miche ikitolewa isipandwe ndani ya mvua inakufa, kwa hiyo hakuna nafasi ya kurudia.

Mzee Hosea Primus, jirani wa baba, kanishika mkono kunipeleka kihambani kwake, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Kang'oa kahawa kuukuu zote zilizokuwa upande wa mfereji na kuchimba mashimo sitini, futi mbili kwa mbili, kayajaza samadi. Ana miaka themanini na moja. Alianza Januari, shimo moja kwa siku, na siku mgongo ukikubali mawili. "Mimi sitavuna sana," kasema, "ila nataka niione ikichanua mara moja." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mafua. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 21 Machi

Sekondari moja ya wasichana imemwalika Joyness akazungumze na kidato cha nne kuhusu kazi ya uhandisi wa programu na mustakabali wake. Barua ilikuja ofisini, ikasema "mhandisi wenu," jina likiwa mstari wa chini. Mimi ndiye niliyeipokea mlangoni. Kwa dakika nzima nilidhani ni yangu.

Leo karudi na picha. Wasichana mia mbili wamemzunguka. Kawaambia kwamba baba yake alitoka Singida kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari huko chini, kwamba yeye kakulia kambini nyumba za safu, na leo anaweza kufanya kazi ya watu wa nchi yoyote akiwa kakaa Moshi. Kawaambia kazi ipo tele kwa anayejifunza kila siku.

Mimi ningewaambia nini? Kwamba unajifunza lugha moja ya kompyuta miaka mitatu, ukiinua macho watu wameshaihama. Kwamba macho yanakwisha na mgongo unakwisha. Kwamba siku moja utamfundisha mtu kwa moyo mweupe, naye atakupita, na itabidi upige makofi. Ni vizuri hawakuniita.

Jumatatu, 24 Machi

Grace kaniuliza kwa nini kila habari ya ofisini inaanza na Joyness. Nikasema si kweli. Akaniomba nimsimulie ya leo, nikaanza na Joyness. Akacheka peke yake.

Jumanne, 1 Aprili

Nieleze kwanza tunavyofanya kazi. Kwetu hakuna kazi ya mtu inayoingia kwenye mfumo mpaka mwenzake aisome yote na kuipitisha. Ni sheria niliyoitunga mimi mwenyewe, mwaka wa pili wa kampuni. Jina la aliyepitisha linabaki pale siku zote.

Leo nimepewa ya Joyness. Orodha ya wakulima imetoka kwenye makaratasi ya makarani wa vikundi, majina zaidi ya elfu nne, na imejaa waliojiandikisha mara mbili, wengine kwa kusahau na wengine kwa ujanja. Kazi yake ilikuwa kuondoa marudio. Kafanya hivi: majina yote matatu yakilingana, kijiji kikiwa kimoja na namba ya simu ikiwa moja, mfumo unahesabu kuwa ni mtu mmoja. Unambakiza aliyeandikwa mwisho, wa kwanza unamfuta. Ni kazi safi. Ukiisoma ukiwa Dar es Salaam huwezi kuona tatizo.

Nilipofika mstari huo nikaweka kikombe chini. Kwetu mlimani mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba wa baba yake. Mzee Hosea Primus alimzaa Primus Hosea, na Primus akamzaa Hosea Primus. Jina la tatu ni la ukoo, nalo ni moja, na kijiji ni kimoja. Na simu ni moja, kwa sababu mzee hana simu. Karani akimwuliza namba anataja ya mjukuu. Vijana ndio walioandikishwa mwisho, maana mradi ulitaka kuwavuta warudi shambani. Kwa hiyo mfumo utambakiza mjukuu na kumfuta babu. Na si Mzee Hosea peke yake, ni kila nyumba iliyofuata desturi.

Joyness hawezi kujua hilo. Kambini kwao kila nyumba ina kabila lake na kila mtoto anapewa jina lililompendeza mama. Hata dada Digna hawezi kujua, ni mtu wa Songea. Ofisini tunaojua ni mimi na Kornel, na Kornel hasomi programu.

Niliandika maoni kumi na moja. Nafasi zilizozidi. Jina la kitu fulani kuwa refu mno. Maelezo aliyoyaandika kwa Kiswahili sehemu moja na Kiingereza sehemu nyingine. Juu ya ule mstari sikuandika kitu. Halafu nikabonyeza kupitisha, nikaenda kusimama dirishani kutazama mvua.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Nikajiambia pia makarani watagundua wenyewe. Lakini hapa naandika kwa kalamu, kwa hiyo niseme ukweli: niliona sura ya dada Digna siku kosa litakapojulikana, na nikaona akigeuka kunitazama mimi.

Jioni Joyness kanitumia ujumbe: "Asante sana kaka, wewe huwa huachi kitu."

Jumatano, 2 Aprili

Sikumwambia.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikumwambia. Mvua kubwa, Kibo haijaonekana wiki nzima.

Jumanne, 8 Aprili

Orodha imekabidhiwa kwa umoja wa vikundi. Majina yaliyofutwa ni mia tatu na kitu. Dada Digna kasifu ofisi nzima ikisikia: kumbe wajanja walikuwa wengi hivyo, Joyness katuokoa. Joyness akasema, "Kaka Wilbert ndiye aliyepitia." Wakanipigia makofi na mimi. Nilitabasamu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda Mwika, nilisingizia kazi. Grace na watoto wamekwenda bila mimi. Nimeshinda ndani nikihesabu siku zilizobaki kabla ya ugawaji, na kila nilipofika mwisho nilijiambia bado kuna muda. Meseji za kuwaita wakulima zitatoka Ijumaa.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya miche. Nilitamani nisiwepo, lakini dada Digna kanipangia kituo cha Mwika pamoja na Joyness, kwa sababu mimi ni mwenyeji.

Watu walianza kufika saa moja, na matenga, na magunia, na mwavuli mmoja kwa watu watatu. Miche ilikuwa mizuri, majani yanang'aa. Joyness alishika kishikwambi na karani akawa anaita majina. Vikundi viwili vya mwanzo vilikwenda vizuri. Halafu karani akaita, "Hosea Primus."

Jina liliitwa mara moja, wakasimama wawili.

Kijana ana simu yenye meseji. Mzee ana tenga na fimbo. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa babu na mjukuu. Karani akatazama, akatafuta, akasema aliyepo ni mmoja. Mzee Hosea akamsogelea Joyness. Joyness akamwamkia, mzee akaitikia marahaba.

"Mwanangu, hiyo mashine inasema nimekufa?"

"Hapana, babu. Inasema..." Akaisoma tena. Nilimwona anavyoelewa, sura yake ilibadilika taratibu. "Inasema wewe na huyu ni mtu mmoja."

"Basi iulize ni yupi kati yetu aliyechimba mashimo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mjukuu akasukuma miche yake, "Babu, chukua hii, mimi nitangoja." Mzee akakataa. Akasema imeandikwa ni ya kijana, na yeye hajawahi kumnyang'anya mjukuu. Akageuka na tenga lake tupu akaondoka mvuani, na mimi nikamwangalia mpaka alipokata kona ya usharika. Hakuniona. Au aliniona.

Kufikia saa sita walikuwa wazee kumi na saba Mwika peke yake. Simu zikaanza kuingia kutoka vituo vingine. Jioni hesabu ilifika mia moja arobaini na tatu. Katika waliofutwa zaidi ya nusu walikuwa wajanja kweli. Waliobaki ni mababu. Na miche ya ziada ilishapelekwa vikundi vya upande wa pili wa mlima na imeshapandwa.

Joyness hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya kikundi akawa anaandika majina ya wazee kwa mkono, mmoja mmoja, akiuliza kila mmoja ana mashimo mangapi. Kisha akaniuliza, "Kaka, hili tungelijuaje?"

Nikamjibu, "Ni ngumu."

Hilo ndilo nililomjibu.

Jumatano, 30 Aprili

Joyness kaandika ripoti ya kosa kabla ya saa tatu asubuhi. Kurasa mbili. Nimeisoma mara nyingi. Kaandika kwamba kosa ni lake, alibuni kanuni bila kwenda kuwauliza wakulima wanavyopeana majina. Kaandika: "Mpitiaji aliisoma kazi kwa makini na kuacha maoni kumi na moja. Asingetegemewa kuliona hili ambalo mimi mwenyewe sikuliwazia."

Umoja wa vikundi umeandika barua kali. Dada Digna kaenda kuomba radhi na karudi amechoka. Hakumfokea Joyness. Alisema tu, "Nilikuwa nakuangalia wewe," kwa wakati uliopita, na sote tuliusikia.

Nilichokitaka kimekuja kama nilivyokitaka. Nilidhani nitafurahi, na kwa kweli nimefurahi kidogo. Nimeandika na hilo.

Alhamisi, 1 Mei

Kornel kanifuata dukani nikinunua maziwa. "Mangi," kasema, tunavyoitana watu wa mlimani, "hivi ile kazi si uliipitia wewe?"

"Nilikuwa na mambo mengi."

"Eeh." Akalipia mkate wake akaondoka.

Jumapili, 4 Mei

Mwika. Baba alinisubiri barabarani, jambo ambalo halifanyi. Kasema watu wanaisema sana ile kompyuta, na yeye jana kwenye kikao cha wazee wa usharika alisimama akanitetea. Kawaambia kazi ile aliifanya binti wa watu, si mtoto wa hapa, na kwamba kwa mwanawe kosa kama hilo lisingepita.

Halafu akaniuliza, "Wewe hukuliona?"

"Sikuliona, baba."

"Najua. Ungeliona usingenyamaza."

Tukala machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Sikumaliza sahani.

Jumatatu, 12 Mei

Joyness kila Jumamosi anakwea mlima kwa fedha yake, kikundi kwa kikundi, kuomba miche iliyobaki. Watu wamemzoea. Mtu anakosea hivyo na bado wanampa ndizi za kubeba. Mimi wakinisalimia naona wananipima.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua zinapungua. Asubuhi Kibo ilitoka nzima, nyeupe. Moshi yote ilisimama kupiga picha.

Jumamosi, 24 Mei

Joyness kapata miche elfu moja mia saba na ishirini. Ukigawanya ni kumi na miwili kwa kila mzee. Dada Digna kaniambia nimsaidie kupeleka na pikapu ya ofisi.

Tulianza kwa Mzee Hosea. Mashimo yake yalikuwa yametuama maji na mengine yameanza kuota majani. Kaipokea miche kumi na miwili, kaihesabu, kaipanga kivulini, kamshukuru Joyness kwa mikono miwili. Akauliza mingine itakuja lini. Joyness akamwambia labda vuli, ila hakika ni masika ijayo.

"Masika ijayo," mzee akasema, akatazama yale mashimo arobaini na nane yaliyobaki. Nilichukua jembe nikampandia. Sikuweza kumtazama usoni, na udongo ulinipa kisingizio.

Mchana tukapita kwa baba. Mwanangu Emi alikuwa huko tangu jana. Baba alimkaribisha Joyness vizuri, nadhani alitaka kumwonyesha kuwa hana kinyongo. Akamvuta Emi mbele yake.

"Binti, wewe majina yetu ndiyo yaliyokushinda. Ngoja nikufundishe. Mimi naitwa nani?"

"Mzee Emilian."

"Emilian Wilbert. Baba yangu alikuwa Wilbert, kwa hiyo mwanangu nikamwita Wilbert. Alipopata mtoto wa kwanza, nilimpigia simu hospitali, nikamwambia usisahau. Hakusahau. Huyu hapa naye ni Emilian Wilbert. Kaniandika mimi mzima mzima." Akacheka, akampiga Emi begani. "Ukiita hapa nyumbani, tunaitika wawili."

Joyness alitabasamu kwa adabu. Kisha tabasamu likabaki mdomoni lenyewe, macho yakaja kwangu. Akaomba maji ya kunywa.

Tulishuka mpaka Kiboriloni. Alipofungua mlango wa gari akauliza, "Kaka, Emi ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa," akasema. Akashukuru kwa lifti, akafunga mlango polepole.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi Joyness kaingia, kaweka mkoba mezani, kasema, "Habari za asubuhi, Wilbert."

Alhamisi, 29 Mei

Siku nne nimemsubiri aseme. Kila anapoingia kwa dada Digna naacha kuandika. Anatoka, anakaa, anafanya kazi. Kazi yenyewe ni nzuri, hata sasa, hata na haya yote. Ningekuwa yeye ningeshanipeleka mbele ya watu siku ileile. Sielewi anachongoja. Grace kasema labda hangoji chochote. Grace bado hajui.

Jumatatu, 2 Juni

Dada Digna katuita saa nne. Kasema ameteua, kwamba mwaka huu tumejifunza umuhimu wa mtu mzima mwenye uzoefu, anayejua mazingira. Anayejua mazingira ni mimi. Kalitaja jina langu.

Kornel alipiga makofi akitazama dirishani. Joyness alipiga makofi pia. Nilimtazama mikono. Alipiga vizuri, bila haraka, kama mtu anayelipa nauli.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiti hiki kanipa yeye. Alikuwa na neno moja tu la kusema, akalimeza, nami nikapata. Nitakaa juu yake kila siku nikijua ni zawadi yake. Ningependa kuandika kwamba dhamira ilinisuta, na labda ilinisuta, lakini lililoninyanyua kwenye kiti ulikuwa wivu uleule. Sikuvumilia kupewa na Joyness.

Nikasema, "Dada, ule mstari niliuona."

Nikasimulia yote. Tarehe mosi Aprili, kikombe cha chai, maoni kumi na moja, jina la mwanangu. Sikutia maua. Nilipomaliza dada Digna alikunja na kukunjua karatasi yake.

"Wilbert, wazee mia moja arobaini na tatu?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa sababu gani?"

Nilitafuta neno la kiofisi sikulipata. "Nilimwonea wivu Joyness."

Joyness aliinamisha kichwa. Nadhani hilo hakuwa akilijua. Alidhani labda ni uvivu, au dharau. Sijui kwa nini limemshangaza mtu ambaye kila kitu kinamjia kirahisi.

Mchana nikaitwa peke yangu. Sifukuzwi. Kiongozi ni Joyness. Kwa miezi sita kazi ya mtu yeyote haitapita mikononi mwangu, na vikundi vyote nitavipitia mwenyewe kueleza, nikianza na cha kwetu.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikwenda kwanza kwa Mzee Hosea. Alinisikiliza akiwa kakaa, fimbo magotini. Alipoelewa aliniuliza swali moja, kama baba anajua. Nikasema bado. "Basi nenda," akasema. Hakunipa mkono.

Baba alikuwa anakata majani makavu ya migomba. Nilimwambia nimesimama. Aliendelea na mgomba mmoja mpaka mwisho, akahamia wa pili. Nikadhani hakusikia, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," akasema. "Nilikusemea mbele ya wazee."

"Najua, baba."

"Nilisimama." Akashusha panga. "Hosea alikuwa amekaa palepale, mstari wa mbele. Hakunijibu kitu."

Akaniambia niende nikale, mama kaweka chakula. Yeye hakuja mezani.

Jumapili, 8 Juni

Grace nimemweleza. Kauliza kama nimemwomba Joyness msamaha. Nimeomba radhi kwa dada Digna, kwa karani, kwa Mzee Hosea, kwa baba. Kwa Joyness sijaomba.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwomba. Kasema, "Nimekusikia." Hakusema amesamehe. Akanipangia kazi: kuandika upya ile sehemu ya kutambua marudio, kwa kuwa mimi ndiye ninayezijua desturi.

Jumanne, 17 Juni

Baridi. Mvua zimekwisha kabisa.

Niliimaliza jana. Siku saba niliishughulikia kama sijawahi kushughulikia kazi. Mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, jina la kihamba, na mwisho karani anamwuliza mtu mwenyewe kabla hajafuta. Nilitaka Joyness aisome akose la kusema. Niliitamani sana siku hiyo, nikajiona ninavyoitamani.

Leo kairudisha. Kaweka oni moja tu. Kasema nimeweka jina la mama liwe la lazima, na huko kambini kwao wamo waliolelewa na bibi wasiojua mama yao aliitwa nani, na watu hao nao wameanza kununua vipande vya shamba mlimani, kwa hiyo mfumo wangu utawaacha mlangoni. Kaandika mfano wa jinsi ya kurekebisha, mistari minne. Kamalizia: "Si rahisi kuliona ukiwa hujaishi nasi."

Nimeusoma ujumbe huo mara tano nikitafuta kejeli. Haimo. Nikaisoma mistari yake minne nikitafuta kosa. Halimo pia, na ni mizuri kuliko yote niliyoandika wiki nzima, na roho imeniuma palepale ilipokuwa ikiniuma mwezi wa tatu.

Angeweza kunyamaza. Nimeirekebisha kama alivyosema, nikamtumia.